Siku Nilipoinuka Kukutunza

Berea, Johannesburg
Jumamosi jioni

Mwanangu Mwanahamisi,

Uko chumba cha pili. Nakusikia unavyogombana na zipu ya sanduku, na mama yako anakwambia utoe sweta moja uweke mbili, hesabu ambayo hata mimi sijaielewa. Ningeweza kuinuka nije nikwambie haya niliyonayo. Ni hatua tano tu. Lakini unanijua: nikifika mlangoni nitauliza, "Pasipoti umeweka?" nawe utajibu, "Nimeweka, Baba," na hapo mazungumzo yetu yatakuwa yamekwisha. Kwa hiyo nimekaa mezani, nimeisogeza kando cherehani ya Papa Deo iliyoletwa kutengenezwa, nakuandikia barua kama kwamba umeshafika Napoli.

Mambo ya baridi, dawa, nyama ya halali na nani wa kumpigia simu ukitua, mama yako ameyaandika kwenye karatasi yake, tena pande zote mbili. Mimi hapo sina la kuongeza.

Nianze na jambo moja: nimepumua. Tangu viza yako itoke nalala fofofo. Watu wa ghorofani kwetu wananipa pole kwamba binti yangu wa pekee anakwenda mbali, nami naitikia, "Nimeshapoa," huku najitia huzuni wasije wakaniona baba wa ajabu. Sifurahii kwamba unaondoka. Ninachofurahia ni kwamba unaondoka tukiwa tunazungumza. Kuna wakati niliamini kabisa kwamba siku hii itafika, utanipa mkono kwa adabu pale uwanja wa ndege, utakwenda zako, na mimi nitabaki na neno langu kooni mpaka kufa.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa Tanga, napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu cha mtaani kwetu. Nimekusimulia mara nyingi, na kila mara nilitia chumvi. Leo sitii. Sikuwa mpigaji mkubwa. Nilikuwa yule wa kukaa nyuma, anayesikika siku akikosea. Mwimbaji wetu, Bi Mgeni, alisimama wima, uso mkavu, mikono imetulia, anaimba kama hana habari na mtu. Kazi ya kucheza ilikuwa ya watu. Ubeti ukimgusa mtu, anainuka alipoketi, noti ameinyanyua juu ya kichwa kila mmoja aione, anakuja mbele taratibu, mabega yanakwenda na wimbo, mpaka amfikie mwimbaji amtunze noti ile. Kisha anarudi kwa mwendo ule ule. Kuna wanawake walikuwa wakitumia ubeti mzima kwa hatua kumi. Na sisi wapigaji tukiona mtu ameinuka tunarudia kiitikio mpaka afike, maana kumkatia mtu wimbo akiwa njiani ni kumvunjia heshima. Kwetu, mwimbaji aliyeimba watu wakabaki wameketi alikwenda nyumbani analia.

Sasa jiweke mahali pangu siku ile ya mashindano, miaka mitatu iliyopita. Jumapili mchana, ukumbi mkubwa mjini, viti vyekundu, watu mia tatu wamenyamaza kimya. Una miaka kumi na tisa, umevaa lile gauni la kijani na mtandio wake. Mnashindana watu sita kwa nafasi moja ya ufadhili, kwenda kusomea uimbaji wa opera ng'ambo. Mimi na mama yako tuko safu ya nane, na Papa Deo ubavuni kwetu, kwa sababu yeye ndiye aliyelishona gauni na alisema hawezi kulishona asilione likifanya kazi.

Ukaanza ule wimbo wa Kiitaliano. Sikujua neno hata moja. Lakini nilisikia unavyoizungusha sauti, unaipandisha, unaitetemesha, unaishusha kwa vingazi vidogovidogo, kisha unarudi pale pale ulipoanzia na kuurudia ubeti ule ule kwa mapambo mengine kabisa. Bi Mgeni mtupu! Mwili wangu uliinuka kabla yangu. Nilipojitambua noti iko juu ya kichwa, niko njia ya katikati, nakuja kwako polepole, mabega yanakwenda. Na nilisema kwa sauti, "Mwanangu! Mtoto wa Tanga huyo!"

Nilikuwa na furaha, Mwanahamisi. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nataka ulijue hilo kabla ya yote mengine. Sikuja kukuharibia. Nilikuja kukutunza.

Uliponiona ukanyamaza. Yule wa piano akaendelea peke yake kidogo, kisha naye akaacha. Wengine walicheka. Vijana wawili wa mlangoni wakanishika, mmoja huku, mmoja huku, kwa upole kabisa, "Baba, please, asambe, twende," wakanitoa nje na noti yangu bado iko juu, maana hakuna aliyenikumbusha kuishusha. Papa Deo akatufuata mpaka mlangoni anauliza kwa Kiswahili cha kwao kwa nini wananitoa, "Munamutosha juu ya nini? Njo baba yake!"

Mama yako aliniambia ulianza upya ukamaliza. Lakini pumzi ilikuwa imeshakwenda, na nafasi akapewa kijana mwingine mwenye sauti nene.

Tulirudi kwa miguu. Tulipita Joubert Park, mama yako katikati yetu kama mtu anayebeba sinia la chai. Tulipoanza kupanda kuja Berea ndipo uliposema, "Baba, kwa nini? Pale si harusini."

Hapo palikuwa mahali pa kusema neno moja, nalo lilikuwepo mdomoni. Badala yake nikapandisha hasira. "Muziki gani huo usiotunzwa? Watu wamekaa kama wako msibani!"

"Nimeikosa ile nafasi, Baba. Nimeikosa."

"Basi kama unanionea haya, kwenye hizo kumbi zako hunioni tena."

Nilisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Wewe ukasimama mbele ya ile spaza, kiduka cha kona, ukanitazama, ukasema taratibu, "Eish, Baba. Wewe ndiye uliyesema tusiongee Kiswahili barabarani."

Nimekaa na maneno hayo miaka mitatu. Sheria ile ilikuwa yangu kweli. Pengine huikumbuki siku nilipoiweka, kwa hiyo nikusimulie. Ulikuwa na miaka sita. Zilikuwa wiki mbaya, wageni wanapigwa na kufukuzwa majumbani mwao. Tumetoka kununua mkate, wanaume wanne wakatusimamisha. Mmoja akanionyesha kiwiko chake akaniuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Nilikuwa nimeishi mji huu miaka saba, na neno la kiwiko silijui. Aliyejibu ni wewe. Ulilitaja lile neno, kisha ukanishika kidole ukawaambia, "Ngubaba wami lo," huyu ni baba yangu, kwa Kizulu cha mtoto aliyezaliwa hapa. Wakatuacha. Nikakubeba mpaka nyumbani, na mkate sijui tuliuacha wapi.

Kuanzia siku ile ikawa Kiswahili ndani, mlango ukishafungwa. Nje ni Kizulu au Kiingereza, tena sauti chini. Nilikuwa nakulinda, na kwa hilo siombi radhi. Ila nilizidisha. Hatari ilipopungua, sheria niliiacha pale pale kama mtu aliyesahau kuvua koti. Kinanda nikakisukuma chini ya kitanda kisije kikasikika. Ulipokuwa ukiimba ukiosha vyombo nilikuwa nakwambia, "Polepole, mama." Shuleni wakakutia kwenye kwaya, wakakuta una sauti, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua, mpigaji mzima wa kinanda.

Miaka kumi na mitatu nilikufundisha usisikike. Kisha siku moja, mbele ya watu mia tatu, nikakuita mtoto wa Tanga kwa sauti ya juu. Ndiyo maana ulinyamaza. Mwanzoni nilidhani ni kucheza kwangu, au noti. Siyo. Ulisikia Kiswahili kinapigiwa kelele mahali pa watu, na mwili wako ukafanya kile nilichoufundisha. Nafasi ile hukuiangusha wewe. Mimi ndiye niliyeiangusha, na nilianza kuiangusha ulipokuwa na miaka sita.

Na bado sikurudi. Hilo ndilo kosa langu hasa, kubwa kuliko la ukumbini. La ukumbini nililifanya bila kujua. Hili nililifanya kila siku nikiwa na akili zangu. Ulianza kuuza simu dukani mjini, na Jumamosi ukafundisha kwaya za watoto, na ulipopata pa kuimba, mama yako alikwenda, mimi nina kazi. Akirudi namuuliza kijuujuu, "Watu walikuwa wengi?" kama naulizia habari za mvua. Mimi na wewe tukawa tunasalimiana vizuri mno. Adabu ile iliniogopesha kuliko ugomvi.

Siku moja nilivaa vizuri nikafika mpaka ng'ambo ya ukumbi ulimokuwa ukiimba. Robot, taa ya barabarani, ikawaka kijani, watu wakavuka, mimi nimesimama. Ikawaka mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne nikageuka nyumbani. Nilimwambia mama yako nilitoka kutafuta mkanda wa cherehani, na akaniambia, "Umeupata?" kwa sauti ambayo nilijua anajua.

Ndipo akaingia yule mzee wako.

Mimi ningekuwa wewe, wimbo ule ningeuchukia hadi kaburini. Wewe ukaanza kumtafuta aliyeutunga. Jina lake ni refu, nami nikampachika langu, Mzee wa Napoli. Nakumbuka ile Jumamosi. Niko sakafuni napaka mafuta cherehani, umetoka maktaba na kitabu kinene, ukasimama juu yangu bila hata kuvua viatu. "Baba, sikiliza hii."

Miaka miwili hukuwa umenitajia muziki. Nikaweka chupa ya mafuta chini kwa uangalifu, kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani na hataki amkimbize.

Ukanisomea kwamba mzee huyo alizaliwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita, mtoto wa mwashi. Wazazi walipokufa watu wakampeleka kwenye nyumba ya yatima pale Napoli, ambako watoto walifundishwa muziki ili wapate pa kushika maishani. Walikuwa wakijifunzia wote katika chumba kimoja, huyu anakwangua fidla, yule anaimba, wa tatu anapuliza tarumbeta, na kila mmoja anatakiwa ajisikie mwenyewe. Nikasema, "Hiyo ni Berea." Ukacheka. Sikukwambia siku ile, lakini nilijitia kuinamia cherehani kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Ukaendelea. Kwamba alipopata kazi ya kutunga opera hakuwa akiandika nyimbo za mwimbaji mpaka mwimbaji mwenyewe amefika mjini. Anaketi naye kwenye kinanda, anasikiliza sauti inapong'aa na inapochoka, kisha anaandika wimbo juu ya sauti ile. Akibadilishwa mwimbaji, anaandika mwingine. Nikakwambia ndivyo ilivyokuwa kwetu Tanga, wimbo wa Bi Mgeni ni wa Bi Mgeni, na mwingine akiugusa vita vinazuka. Ukasema, "Ngoja, Baba, bado." Ukafungua ukurasa uliokuwa umeukunja ncha. Kwamba kwenye zile opera watu walikuwa wakila, wakicheza karata, wakipiga soga, na wimbo ukiwagusa wanapiga kelele mpaka urudiwe. Na siku maalumu ya mwimbaji liliwekwa beseni mlangoni, wanaopita wanamtunza, wengine wanavua hata pete.

Ukafunga kitabu kidole kikiwa ndani. "Ungekuwa Napoli siku zile, Baba, na kanoti kako kamoja, wangekuona mkono wa birika."

Nilivunjika mbavu. Na katikati ya kicheko hicho nikaharibu tena, maana nina kipaji. Nikasema, "Si umeona? Nilikuwa na haki! Nimechelewa tu miaka mia mbili." Ukatabasamu, lakini kidole ukakitoa kitabuni, ukaenda kuvua viatu. Nilitaka Waitaliano waliokwishakufa wanitetee, ili nisiseme lile neno ulilokuwa ukilingoja.

Siku chache baadaye ukaniletea habari ya opera yake ya kwanza kubwa. Sijui kama ulikusudia. Ulikuwa unakata vitunguu. Ukasema alikuwa na miaka ishirini na miwili, na siku ya kwanza watu walimzomea, miluzi mpaka mishumaa ikayumba. Na kwamba wakati huo desturi ilikuwa mtunzi mwenyewe akae kwenye kinanda, mbele ya watu wote, siku tatu za kwanza. Imependwa, haikupendwa, atakaa.

"Siku ya pili alirudi?" nikauliza.

"Alirudi."

"Wakamwacha?"

"Wakamzomea tena."

"Na ya tatu?"

"Akarudi, Baba. Siku ya tatu walimsikiliza nusu, halafu wakamsikiliza yote."

"Angeweza kujitia mgonjwa."

"Angeweza," ukasema, ukaendelea na vitunguu.

Mimi nikatoka nje kwenye ngazi nikakaa peke yangu. Yatima wa miaka ishirini na miwili, hana baba wa kumshika mkono, alirudi akaketi pale pale alipoaibika. Mimi mtu mzima nilishindwa kuvuka robot. Ungenisomea Jumamosi ile kurasa elfu za beseni na pete, zisingenisaidia kitu. Ilikuwa ni hizo siku tatu. Nikarudi ndani nikakwambia, "Ukiimba tena, nitakuja." Ukasema, "Sharp," yaani sawa. Basi. Ndivyo sisi tulivyo.

Neno lenyewe, hata hivyo, sijawahi kulisema. Nilikuja kusema nitakuja, nikavuta kinanda kutoka chini ya kitanda, nikakufutia vumbi benchi, nikafanya kila kitu isipokuwa kulisema. Sasa naliandika. Nisamehe, mwanangu. Kwa siku ile ya ukumbini, kwa maneno ya barabarani, na zaidi kwa miaka miwili ya "nina kazi". Na usinijibu kwamba ilikuwa heri, kwamba sauti yako sasa imekomaa, kwamba kila kitu kina wakati wake. Najua ungenijibu hivyo kwa kuwa una moyo mzuri. Ulipoteza miaka miwili, na ilikuwa yako. Kama unanisamehe, nisamehe kwa ukubwa wake.

Ile miezi iliyofuata, ya kujiandaa na usaili wa kuchagua waimbaji wa kwenda Napoli, naihesabu katika siku nzuri za maisha yangu. Kinanda kimezeeka, vibonye viwili havilii, na kila tukifika hapo mimi najazia kwa mdomo, nawe unashindwa kuimba kwa kicheko. Mama yako anatuambia tupunguze, majirani watalalamika. Na mimi, nakumbuka nilisema, "Waache walalamike." Ulinitazama wakati ule. Ndiyo, nilijisikia mwenyewe.

Ukanimalizia habari za mzee wako huku tukipumzika kati ya wimbo na wimbo. Namna alivyoitwa Urusi kumtumikia bibi mtawala wa huko, kwa miaka mitatu, akakaa kumi na mmoja, kila mwaka anaandika nyumbani kwamba anarudi mwakani. Bibi huyo hakupenda mambo marefu, basi akawa anazikata nyimbo zake. Aliporudi Napoli ladha za watu zilikuwa zimebadilika, vijana wanamwona wa kizamani. Akarudi kwenye nyumba ile ile ya yatima akafundisha watoto mpaka alipokufa. Karatasi zake zikafungiwa kwenye makasha, na ndani ya kasha moja iko opera nzima ambayo haijaimbwa tangu azikwe. Hiyo ndiyo mnayokwenda kuifufua, wewe na wenzako.

Ulisikitika kwamba alikufa kasahauliwa. Mimi sikusikitika sana, na sikukwambia kwa nini. Nilipenda alivyorudi. Mimi nilikuja mji huu kwa mwaka mmoja, kisha nikaona haya kurudi bila cha kuonyesha, na mwaka ukazaa mwingine. Bi Mgeni amekufa bila kujua kwamba nyimbo zake zote bado ninazo kichwani. Wewe ukitaka kurudi, rudi. Hata baada ya wiki moja. Hakuna atakayekuuliza umebeba nini, isipokuwa mama yako, naye atauliza sweta.

Sasa usaili. Kuna jambo hulijui. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilimpa mama yako pochi yangu aifiche. Nilikung'uta mifuko yote, nikabaki na kitambaa cha mkononi tu. Sikujiamini. Ukumbi ule ule, viti vile vile vyekundu, na wale vijana wa mlangoni sijui kama walinikumbuka, lakini mimi niliwaamkia kabla hawajaniamkia. Nikaketi safu ya nane, nikaikalia mikono yangu yote miwili. Papa Deo akaninong'oneza, "Papa Mwanahamisi, utaweza?" Nikamwambia sijui.

Ukaimba. Wimbo ule ule. Ulipofika pale pa kurudia miguu ilitaka kuinuka, na wallahi niliing'ang'ania sakafu. Nilikuwa natokwa na jasho kama nimebeba gunia. Ukarudia ubeti kwa yale mapambo tuliyoyatafuta pamoja, yale mawili ya Bi Mgeni niliyoyaiba Tanga kwa ajili yako, na majaji hawakujua kwamba hayakutoka Italia. Ukamaliza. Watu wakapiga makofi wakiwa wameketi, na mimi nikatoa pumzi ambayo nadhani niliivuta miaka miwili nyuma.

Kisha ukashuka jukwaani. Nilifikiri unaelekea mlango wa pembeni kama wenzako. Ukaingia njia ya katikati. Unakuja taratibu, hatua kwa hatua, mabega yanakwenda, kiganja umekifungua mbele yako, unanitazama mimi. Watu wanageuka. Ukafika safu ya nane ukasimama, ukasema kwa Kiswahili, si kwa kunong'ona, ukumbi mzima unasikia:

"Baba. Tuzo yangu iko wapi?"

Na mimi sina kitu! Siku ile moja katika maisha yangu yote niliyotakiwa kuwa na noti! Nikapapasa mifuko kama mwizi aliyeibiwa. Mama yako analia huku anacheka. Mwisho nikakuwekea mkono wangu kiganjani, mtupu, nawe ukaushika ukaubeba kama umepewa dhahabu. Hata leo nikilikumbuka hilo inabidi nikae.

Basi ndani ya bahasha hii utakuta noti. Ni ile ile. Siku ya mashindano niliporudi nyumbani niliitia kwenye mfuko wa kinanda, chini ya vitabu, na sikuweza kuitumia wala kuitupa. Imekunjika pale nilipoishika. Huko hakuna duka litakaloipokea, na ndivyo ninavyotaka. Kaa nayo.

Siku mtakapoiimba opera ya yule mzee, watu watakuwa wameketi kimya kwenye viti vyao, ndiyo adabu yao, na usije ukadhani hujawagusa. Wewe niambie tu ni saa ngapi. Saa hiyo hiyo, hapa hapa nyumbani, nitasogeza meza, nitamwambia mama yako anipishe, nitafungua dirisha, majirani wasikie wanavyotaka. Nitainuka, mkono juu, nije kwako taratibu. Na usinikatie wimbo njiani, mwanangu. Urudie ubeti mpaka nifike.

Baba yako